Mkono Uliotikisika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa glavu za pamba, lenzi ya mkono na kiti, nikaambiwa niitazame picha moja hadi saa sita mchana. Sikupewa kalamu. Mhifadhi Mkuu, mzee mwembamba aliyevaa koti la kijivu hata jua la Mwanza linapochoma mawe, aliiweka picha hiyo juu ya meza yenye kitambaa cheusi, akafungua dirisha la upande wa ziwa ili mwanga uingie, kisha akaondoka bila kueleza lolote.

Saa nne alirudi.

"Umeona nini, binti?"

"Nimeona mwanamke ameketi, mzee."

"Hilo hata mbuzi angeliona. Endelea."

Saa tano alirudi tena. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza kwamba mwanga unatoka kushoto, kwamba mwanamke yule amenyolewa kichwa, kwamba ameketi kwenye kigoda cha miguu mitatu na uso wake umegeuzwa kidogo pembeni, na kwamba kila kitu katika picha ni kikavu na wazi isipokuwa mkono wa kulia, ambao umelala mapajani na umefifia kama kitu kinachoonekana kupitia mvuke wa chungu.

"Sasa umefika alipofika mbuzi aliyesoma," alisema Mhifadhi Mkuu. "Nenda kanywe chai."

Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uleule, na shahada yangu ya sanaa bado ilikuwa inanuka wino. Niliinywa ile chai kwa hasira. Leo, baada ya kustaafu, ninaiandika asubuhi ile kwa kuwa kila kilichonipata katika kazi hii, kizuri na kichungu, kilitoka katika picha ileile.

Jumba letu lilikuwa dogo, limejengwa kwa mawe juu ya mwinuko unaotazama ziwa. Sitalitaja, kwa kuwa wapo ninaowapenda ambao bado wanafanya kazi mle. Lilihifadhi picha za zamani za mji na za vijiji vinavyouzunguka, nyingi zikiwa zimepigwa na wageni wakati wa utawala wa Wajerumani. Cheo changu kilikuwa Ofisa Maelezo. Maana yake ni kwamba nilisimama kati ya picha na mtazamaji nikasema: hiki unachokiona ni hiki.

Ninyi mnaopiga picha mia kabla ya kifungua kinywa mtaniwia radhi nikieleza ilivyokuwa. Katika zama zile picha ilipigwa juu ya bamba, yaani kipande cha kioo kilichopakwa dawa inayogeuka nyeusi inapoguswa na mwanga. Kioo kile kilibeba taswira iliyopinduliwa, nyeupe ikiwa nyeusi na nyeusi ikiwa nyeupe, na ndicho tulichokiita hasi. Kutoka kwenye hasi ndipo nakala ya karatasi ilipochapwa. Palipokuwa na kivuli, kwa mfano barazani, dawa ile ilikuwa nzito kuamka, hivyo mtu alitakiwa kuketi bila kutikisika huku mpiga picha akihesabu. Aliyetikisika alifutika. Ndiyo sababu wazee wetu katika picha za kale wana nyuso ngumu. Hawakuwa na hasira, walikuwa wakijizuia.

Jioni ya siku ile ya kwanza Mhifadhi Mkuu alinifundisha jambo la pili. Aliigeuza picha akanionyesha mgongo wake.

"Mbele ni mali ya watazamaji," alisema. "Nyuma ni mali yetu. Unachokijua kwa hakika kiandike hapa kwa penseli laini. Kamwe usitumie kalamu, kwa sababu wino unapenya. Na usichokijua, kiachie nafasi."

Mgongo wa picha ile ulikuwa na mstari mmoja wa mwandiko wake: *Jina:* na baada ya nukta mbili hizo hapakuwa na kitu.

"Hii nafasi ina umri gani, mzee?"

"Ina umri wa kazi yangu. Usije ukaijaza kwa maneno mazuri."

Miaka sita ya mwanzo niliitumikia ghalani. Nilijifunza kufuta vumbi kwa brashi ya manyoya nikifuata upande mmoja tu, kutambua ukungu wa kweli na ukungu wa dawa, kupanga mabamba yakiwa yamesimama badala ya kuyalaza, kwa kuwa kioo kilicholazwa huvunjika kwa uzito wa ndugu zake. Kisha nikahamishiwa ukumbini, na hapo ndipo nilipokutana na tatizo ambalo niliamini nimezaliwa ili kulitatua.

Picha zile zilikuwa na vibandiko vya tangu enzi za waliozipiga. Chini ya mwanamke wangu paliandikwa: *Mwanamke wa Kisukuma.* Chini ya mvuvi: *Mwanamume wa Kikerewe.* Ilikuwa kama duka la mbegu. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Palikuwa na aina za watu. Jambo hilo liliniuma, kwa kuwa mimi mwenyewe ni Msukuma, mtoto wa karani, niliyelelewa Pasiansi kwa Kiswahili cha shule na nyimbo za kanisani. Nilijiapiza kwamba nitamtoa mwanamke yule katika orodha ya mbegu nimweke mahali wanapowekwa malkia wa nchi nyingine, katika ukumbi wa sanaa.

Wakati huohuo tulipata Mkurugenzi mpya, mtu nadhifu, mwepesi wa kusikiliza, aliyependa kazi iishe. Aliniambia nichague picha kumi na niziandikie kijitabu. Nilianza na ya mwanamke wangu. Nilimpa jina: *Mrembo wa Ziwani.* Chini ya jina hilo niliandika maneno ambayo baadaye walimu waliyasomesha na wanafunzi wakayakariri:

*Mwanga unateleza juu ya kichwa kilichonyolewa kama unavyoteleza asubuhi juu ya mawe ya ziwa letu. Mkono wa kulia umeachwa katika ukungu kwa makusudi ya msanii, ili jicho la mtazamaji lisitue chini bali lipande usoni. Hata mguu wa kigoda umevishwa pambo, pete nyembamba ya mchongaji, inayojibu uduara wa kichwa.*

Mhifadhi Mkuu aliyasoma akiwa amesimama, wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu na kurudi kwao Ukerewe. Aliyasoma mara mbili.

"Maneno mazuri," alisema. "Umemuuliza nani?"

"Nimeiuliza picha, mzee. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nilikufundisha kutazama, binti. Kuuliza ni kazi nyingine."

Nilidhani ni wivu wa mtu anayeondoka.

Kijitabu kilienda mbali. Kilikuwa na picha yake kwenye jalada, na jumba likawa linajulikana kwa picha hiyo. Fundi mmoja wa Igoma aliitengenezea fremu ya mninga, ikatundikwa peke yake kwenye ukuta wa mbele. Nami nilipandishwa cheo, nikawa Msimamizi wa Ukumbi. Katika cheo hicho niliandika mwongozo wa vibandiko kwa ajili ya maofisa wadogo, na kanuni yake ya kwanza niliijivunia kuliko zote: *Usiandike kisichoonekana.* Nilitaka kukomesha hekaya. Vijana wetu walikuwa na tabia ya kumpa kila mzee pichani uchifu na kila mkuki vita.

Niliishi hivyo kwa miaka mingi, nikiwa na furaha ya mtu anayesifiwa kwa kazi anayoipenda. Kisha akaja Mama Kashinje.

Ilikuwa Jumanne, ukumbi ukiwa mtupu. Aliingia mama wa miaka kama sabini na tano, amejifunga kitenge cha bluu, mkononi ana mfuko wa plastiki. Alikuwa fundi cherehani aliyeacha kushona macho yalipochoka. Hayo aliniambia baadaye. Nilimsogelea nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mwenye maneno haya." Akatoa kijitabu changu mfukoni. Mjukuu wake wa kike alikileta nyumbani kutoka shuleni.

"Ni mimi, mama."

Alinitazama kuanzia viatu hadi miwani. "Unaandika vizuri. Umemsifu bibi yangu mpaka nimemwonea wivu."

"Bibi yako?"

"Huyo uliyemwita mrembo. Hakuwa mrembo, mwanangu. Alikuwa na meno yaliyopandana na ulimi mkali. Babu akimsikia anakohoa tu, anakumbuka kazi aliyoisahau shambani." Akacheka, nami nikacheka naye kwa adabu, kama tunavyocheka na wageni.

Nilimpeleka mbele ya picha. Hapo kicheko chake kiliisha. Alisimama kwa muda mrefu, kisha akaniomba kiti, akaketi akiwa ameupakata mfuko wake.

"Aliitwa Minza," alisema. "Ndiye aliyenilea mama yangu alipoolewa tena. Hii picha alinisimulia nikiwa bado binti mdogo, ila sikuwahi kuiona. Hata yeye hakuwahi kuiona."

Nayaandika maelezo yake kwa ufupi, lakini sijaongeza neno. Minza alikuwa na mtoto wa kike aliyeitwa Mbuke, ambaye alikuwa bado hajatembea. Mbuke aliugua homa akafa. Walimzika, wakakaa matanga, wakanyoana nywele kama ilivyo desturi ya wafiwa. Baada ya hapo Minza alitumwa na mama mkwe wake kupeleka vyungu kwa wamisionari, akiwa amebeba na kigoda cha kukalia akingoja. Barazani alikuwapo Mzungu mwenye sanduku la picha. Alikuwa anahangaika, maana kila aliyemketisha alicheka au aligeuka.

"Bibi akaketi," alisema Mama Kashinje. "Aliniambia, siku ile hata inzi angetua jichoni asingempunga. Hakuwa na nguvu ya kutikisika. Mzungu akafurahi, akajifunika kitambaa chake. Kumbe mkono."

"Mkono ulifanya nini, mama?"

"Mkono ulikuwa unambembeleza Mbuke. Hivi." Na Mama Kashinje akaanza kuupigapiga mfuko wa plastiki mapajani mwake, polepole, kwa kiganja, kama mama anavyomlaza mtoto. "Bibi hakujua. Wala hakuwa na habari. Yule Mzungu alipotoka kwenye kitambaa akafoka kwa lugha yake, akauonyesha mkono. Bibi akautazama. Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu waliporudi makaburini. Mzungu akanyamaza. Hakumpiga tena picha. Alimpa maji, akamwacha aende."

"Unataka tufanye nini, mama?"

"Andikeni majina. Minza na Mbuke. Mbuke hana kaburi, mwanangu. Pale alipozikwa palilimwa pamba, kisha barabara ikapita. Nikifa mimi, hakuna mtu atakayelitaja jina lake tena. Kaburi lake ni huo mkono."

Ningependa kuandika kwamba nililia, au kwamba nilimshika mkono. Nilichofanya ni kurekebisha miwani.

"Mama, simulizi yako ni nzito, na nakushukuru. Ila taratibu zetu zinahitaji ushahidi."

"Ushahidi si ndio mimi?"

"Namaanisha ushahidi wa kitu. Kitu kinachoshikika."

Hakukasirika. Alielekea kunihurumia kidogo. "Basi tazama kigoda. Mguu wa nyuma ulivunjika, babu akaufunga kwa waya wa shaba. Kigoda ninacho nyumbani, Usagara. Nakikalia nikichambua mchele."

Nilitoa lenzi yangu nikainama. Ile pete nyembamba niliyoiita pambo la mchongaji ilikuwa imejikunja upande mmoja, na kutoka ndani yake palichomoza ncha ndogo, kama ncha ya waya inavyochomoza pale fundi alipoisokota. Nilijua hapohapo. Sina budi kuliandika hili bila kulipamba: sikuhitaji kwenda Usagara ili nijue. Nilihitaji kwenda ili nipate muda wa kutojua.

"Nitakuja kukiona," nilisema.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Karibu. Ukishuka njia panda uliza kwa Mama Kashinje, fundi cherehani."

Jumamosi ile sikwenda. Kijitabu kilikuwa kinachapishwa mara ya pili, na nilikuwa nimealikwa kuyasoma maneno yangu mbele ya walimu wa wilaya mbalimbali. Nilijiambia nitakwenda hayo yakiisha. Kisha zikaja mvua. Kisha Mkurugenzi akasafiri, na bila yeye hakuna kibandiko kinachobadilishwa, basi kwenda kungefaa nini? Kutoka Pasiansi hadi Usagara si safari. Watu huenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mimi ilinichukua miezi minane.

Nilimpigia simu mara moja tu, kupitia kwa binti yake Kashinje, kuomba radhi.

"Hakuna neno, mwalimu," Mama Kashinje alisema, na nilisikia kuku nyuma yake. "Kigoda hakikimbii. Kina miguu mitatu, na mmoja ni mgonjwa."

Nilipokwenda hatimaye, ilikuwa Jumamosi yenye jua safi. Nilibeba glavu, lenzi na daftari. Nilishuka njia panda nikauliza, na muuza maandazi aliyenielekeza alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa hadi nilipoiona nyumba yenyewe. Uani palikuwa na turubai. Chini yake, juu ya mikeka, waliketi wanawake wengi, na wote walikuwa wamenyolewa.

Nilisimama nje ya michongoma. Jua la saa tatu lilikuwa linaingia kutoka ubavuni na kupita juu ya vichwa vile, kimoja baada ya kingine, na mwanga ulikuwa unateleza. Uliteleza kama nilivyoandika. Maneno yangu yalinirudia kinywani neno kwa neno, na yalikuwa na ladha ya kutu.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sijui nililiweka wapi miaka yote ile. Nilikuwa na miaka tisa. Babu yetu alikuwa amefariki, baba akatupeleka kijijini, na shangazi akaninyoa kwa wembe na maji ya sabuni huku akininong'oneza nisitikise kichwa. Nilirudi shuleni Pasiansi na upara, wenzangu wakanicheka, nami nikafunga kitambaa hadi nywele zikaota. Nilikuwa nimewahi kuwa na kichwa kile cha pichani. Niliketi nacho kwa mwezi mzima. Kisha nikaenda chuoni, nikafundishwa kuona mistari kabla ya kuona mtu, nikafaulu vizuri sana.

Mwanamke wa umri wangu alinifuata pale nje. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Karibu, dada. Umetokea wapi?"

"Mjini. Natoka kwenye jumba la picha. Nilikuwa na miadi na mama."

"Ahaa. Ndiye wewe." Huyu alikuwa Kashinje. Hakupandisha sauti. "Alikusubiri. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa anakifuta kile kigoda kwa mafuta, anakiweka mlangoni. Sisi tulikuwa tunamtania, tunamwambia mchumba wako leo tena hajaja. Anatujibu, mwacheni, mtu mwenye kazi nyingi akija anakaa."

"Pole sana, dada."

"Asante. Tumeshapoa. Tumemzika Jumatano." Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka chini ya turubai, mbele ya wanawake wote. "Kaa, mgeni."

Mguu wa nyuma ulikuwa umefungwa waya wa shaba, umeng'aa kwa kufutwa. Ncha yake ilichomoza upande uleule. Sikuvaa glavu, wala sikuitoa lenzi. Kukataa kiti cha msibani ni kuwatukana wenye msiba, kwa hiyo niliukalia ushahidi wangu, na nilipoketi sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Jumatatu nilishuka ghalani kutafuta bamba la picha ile. Nilikuwa na swali moja. Katika zama zile kioo kilikuwa adimu. Kilisafirishwa kutoka ng'ambo hadi pwani, na kutoka pwani hadi kwetu kwa mabega ya watu. Kwa hiyo bamba lililoharibika, hasa ambalo aliyeketi alitikisika, lilisuguliwa kwa maji ya moto na kupakwa dawa upya. Mabamba mengi ya mkusanyiko wetu yana mikwaruzo ya kusuguliwa. La Minza halina hata mkwaruzo mmoja. Mtu yule aliyefoka barazani alibaki na picha mbovu kwa kipimo chake, na hakuifuta. Hata kona zake alizifunga kwa karatasi nyeusi, jambo lililofanyiwa mabamba ya kutunzwa tu.

Niliketi pale ghalani nikalifikiri hilo. Niliandika kwamba mkono uliachwa katika ukungu kwa makusudi ya msanii. Haukuachwa. Lakini ulitunzwa. Kama picha ile ni sanaa, na bado naamini ni sanaa kuliko nyingine zote nilizowahi kuzishika, basi usanii wake haumo katika mwanga wala katika mkao. Umo katika saa ile mtu mmoja alipoona uchungu wa mwenzake umeingia kwenye kioo chake, akashindwa kuufuta. Hilo ndilo lililopaswa kuandikwa, na lilikuwa limekaa mlangoni Usagara miezi minane likinisubiri.

Nilimpelekea Mkurugenzi kibandiko kipya. Alikisoma kwa makini. Sitamsingizia kwamba alikuwa mtu mbaya.

"Bi Kabula, hii inagusa," alisema. "Ila watu wanaijia picha hii kwa uzuri wake. Kibandiko si mahali pa matanga."

"Uzuri wake ni matanga, Mkurugenzi."

"Naweza kukubali hivi: *Inasemekana aliitwa Minza.* Mwenye ushahidi ameshafariki, kigoda kiko mikononi mwa familia. Tuseme inasemekana."

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko wapi kwenye picha?"

"Kwenye mkono."

Alifungua droo, akatoa mwongozo wa vibandiko, akaugeuza upande wangu na kuweka kidole kwenye kanuni ya kwanza. "Usiandike kisichoonekana," alisoma. "Hii si uliiandika wewe mwenyewe?"

Alikuwa ananifundisha kwa kitabu changu.

Kibandiko kikabadilishwa. Kinasema inasemekana. Maneno ya kijitabu hayakusahihishwa, na wanafunzi wanaendelea kukariri mawe ya ziwa. Kwa miaka iliyobaki nilimsimulia Mbuke kwa mdomo kila aliyesimama mbele ya picha ile na kunipa nafasi. Wengine walisikiliza. Wengine walikuwa na haraka. Nilipofika hamsini na tano nikaomba kustaafu kwa hiari, na watu wakashangaa, kwa kuwa nilikuwa bado na nguvu.

Vijana mnaoingia katika kazi hii mtaikuta imebadilika. Mtakuwa na mashine zinazokuza uso wa mtu mpaka uhesabu kope. Sina ugomvi nazo. Ninachowaomba ni kidogo tu: mkishaona kila kinachoonekana, fungeni mlango wa ghala mwende mkaulize, na mwende Jumamosi mliyoitaja. Nilipata sifa kwa jicho langu, lakini kazi ilinitaka miguu.

Siku yangu ya mwisho nilifika mapema kabla ya walinzi kufungua madirisha. Niliishusha picha ya Minza, nikailaza kifudifudi juu ya kitambaa cheusi, nikalegeza misumari ya fremu. Mwandiko wa Mhifadhi Mkuu ulikuwa bado upo, umefifia kidogo: *Jina:* na nafasi yake. Nikaijaza kwa penseli laini, jina la mama na jina la mtoto, na chini yake nikaandika kosa langu kwa mstari mmoja, nikatia sahihi. Kisha nikairudisha ukutani.

Penseli laini hufutika. Akija mtu mwenye kifutio na kanuni, itachukua dakika moja. Ndiyo maana nimeandika na hapa, kwa wino: mwanamke yule aliitwa Minza. Mtoto anayebembelezwa anaitwa Mbuke.